Maji Anayochemshiwa Neema

Shikamoo dada Naelijwa. Kifua kinaendeleaje huko mlimani Mhezi? Huku Same joto linatuunguza, ila Bwana anatulinda. Mjukuu wetu Neema ameota meno ya kahawia na miguu imeanza kupinda. Mama yake humchemshia maji ya kisima mpaka yanabaki nusu, akidhani anayasafisha. Jana bwana maji akatuambia, "Floraidi ya kisima hiki, inayoharibu meno na mifupa, ni madini, mama, haifi kwa moto. Inazidi kukolea."

Nikamuuliza mbona wameyaruhusu maji hayo.

"Kiwango cha floraidi kililegezwa. Tukikaza, tutafunga visima vyote. Mtakunywa nini?"

Dada, naomba mtoto aje akae kwako, anywe maji ya mlimani. Nakuombea uzima. Nijibu upesi, kabla mifupa yake haijakomaa.

Mdogo wako,
Mama Eliza