Mbwa Mzee wa Rurambo

Kilibula, Uvira
Tarehe 12 Machi 1967

Mpendwa mdogo wangu Rugema,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Kampala? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia? Sisi tu wazima, ila magoti yangu yanalalamika nikipanda kilima, na shemeji yako Ezechiel anakoroma vilevile. Shangazi Nyiramahoro huniuliza kila Jumapili kama umeoa. Nimechoka kumdanganya.

Sasa nina jambo. Nimelibeba mwaka mzima, aibu ikinizuia.

Unakumbuka barua yako ya mwaka wa sitini na nne, kabla waasi hawajaingia Uvira? Ulimwomba Baba amwachie jirani Ndihokubwayo ng'ombe, avuke kwenda Burundi njia ingali wazi. Niliipandisha mwenyewe hadi kwa Baba, Rurambo. Baba akaita wazee wa kanisa, tukanywa maziwa, nikafungua bahasha mbele yao bila kuipitia kwanza. Barua ya mtoto msomi, nilitaka wote waisikie. Majivuno yangu hayo!

Kumbe umemwaga humo misemo ya Waingereza kwa Kiswahili. Eti shangazi si kifaranga tena, yaani amezeeka. Watu wakacheka, na yeye akacheka kuwashinda. Halafu nikasoma: "Najua Baba ni mbwa mzee, hafundishwi mchezo mpya, lakini ajaribu."

Hakuna aliyecheka. Maji yakimwagika hayazoleki. Mdogo wangu, kwetu mtu humwita baba yake mbwa? Ungesema samaki mkunje angali mbichi, angetabasamu tu. Nami ningeweza kueleza kwamba kwa Waingereza huo ni utani, kwamba mbwa wao hulala ndani ya nyumba. Nilijua hayo, nikanyamaza. Nilikunja karatasi kwa hasira.

Hata kabla ya barua yako, Baba alikuwa amekwisha kukubali kuondoka, hata fimbo ya safari alishaichonga. Kesho yake asubuhi aliitia motoni.

"Mubwa haina safari," akasema.

Mengine unayajua. Wapiganaji walichukua ng'ombe wote, Baba akashuka kwa miguu hadi kwetu Kilibula, akaugua hadi Februari mwaka jana. Nilikuandikia tu kwamba amefariki.

Hili sikukwambia. Mwezi wake wa mwisho aliniomba nimsomee tena barua yako. Nilipofika pale nikaweka "ng'ombe mzee". Akafumbua macho.

"Murekatete, weye ulisoma mubwa. Usibadilishe maneno ya mutoto."

Nikalia. Yeye akacheka, kicheko chenye kikohozi, akanishika mkono.

"Umuandikie Rugema arudi. Mubwa muzee anajua harufu ya mutoto wake."

Sikuandika. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo. Nilikuwa bado nina hasira nawe, kana kwamba wewe ndiye uliyeisoma mbele za watu. Kila siku nikasema kesho. Na kila mlango ulipogongwa, Baba aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akaangalia nani anaingia.

Nisamehe, Rugema. Ukiweza, njoo hata sasa, kaburi lake liko karibu na kanisa.

Ezechiel anakusalimu, shangazi Nyiramahoro pia, na binti yetu Honorine ambaye hujamwona bado. Mungu akulinde njiani na akutunzie kifua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyechelewa,

Murekatete