Taa ya Mama Savita

Alhamisi. Joto limekwama hapa Kendu Bay tangu asubuhi na mvua inatutisha tu. Nimekaa, nimesimama, nimefagia nyumba iliyokwisha kufagiwa. Roho haitulii.

Wacha niseme tu. Mama Savita, Mhindi wa mwisho mtaani kwetu, anahamia Kisumu kwa mwanawe. Miguu imemkataa. Na lile hekalu la mawe nyuma ya maduka ya zamani, ambalo babu zake walijenga kabla mama yangu hajazaliwa, halina mtu mwingine.

Mimi humsaidia kulifagia. Navua viatu mlangoni. Yeye anagonga kengele, anawasha taa ya samli mbele ya sanamu, anaiwekea chakula kabla yeye mwenyewe hajala. Kila siku ya Mungu! Hata akiwa na malaria huja amejifunga shuka. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Leo amenieleza. Kwao, sanamu ikishaombewa na kuwekwa pale ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Humwachi gizani na njaa. Asipokuwepo wa kumtunza, anapelekwa majini kwa heshima. Kwa hivyo Jumapili asubuhi mwanawe atakodi mashua, na sanamu itazamishwa ziwani.

Isipokuwa mimi niseme neno.

Maana aliniangalia, akasema kwa Dholuo safi kuliko ya watoto wangu: "Nyathina, mtoto wangu, ukikubali kuwasha taa, atabaki."

Nikamwambia nitamjibu kesho. Jamani, ningesema nini? Mume wangu ni mzee wa kanisa! Kufagia, watu wa kanisa walinivumilia, wakasema kazi ni kazi. Lakini kuwasha taa na kuandalia sanamu chakula? Wangenisimamisha mbele ya watu wote. Na nisijifiche nyuma ya kanisa. Mimi mwenyewe namwomba Yesu. Mkono ungewasha huku moyo uko kwingine, na huo ni uongo, tena kwa mgeni wa mwenzangu.

Halafu nafikiria kufuli mlangoni na popo ndani, nasikia uchungu. Sisi Wajaluo tunalijua boma lililohamwa, tunaliita gunda. Watu hupita hapo haraka haraka.

Chai imeungua jikoni. Mume wangu akauliza, "Kwani leo una nini?" Nikamwambia ni joto.

Jibu ninalo tangu mchana, ndiyo maana situlii. Kesho nitamwambia Mama Savita hapana. Nitaenda mwenyewe, nikae naye, nimwambie usoni. Akilia nitalia naye.

Na Jumapili ibada itaanza bila mimi. Nitakuwa kwenye ile mashua, nimeshika upande mmoja wa sanamu, kwa sababu ni nzito na mikono ya Mama Savita imechoka.

Hilo mume wangu bado sijamwambia.