Linux ya Wanaoanza

2 Mei

Kwa mwanangu wa mwisho,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonisumbua asubuhi. Natumaini wewe, mkeo na mjukuu wangu hamjambo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kompyuta uliyonitengenezea haichapishi, na sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nimekasirika, mwanangu. Ulikuja likizo ukasema Windows yangu imezeeka, ukaniwekea mfumo mwingine, Linux. Sikukataa. Lakini Linux ziko chungu nzima, na hukuniuliza nataka ipi. Ukachagua uipendayo wewe, ile ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi, ukapanda basi ukaenda zako. Sasa nikitaka kuunganisha printa inanidai neno la siri, na neno lenyewe silijui. Nimejaribu jina lako, la marehemu baba yako, hata la paka.

Fundi simu wa hapa mtaani anasema ipo moja inaitwa Mint, rahisi kwa anayeanza. Kwa nini hukuniambia?

Tangu nistaafu ukarani, mitihani ya shule ya jirani naichapa mimi. Kazi hii ikiniponyoka nitaishia kwenye chumba chako cha uani, niombe ruhusa hata ya kufungua dirisha. Nitumie neno la siri.

Mama yako


11 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, mtoto anaota meno. Pole na goti.

Usikasirike, Mama. Niliyokuwekea ndiyo bora, hata kazini tunatumia hiyo hiyo. Hiyo anayokusifia fundi simu ni ya wanaoanza. Neno la siri acha nibaki nalo mimi kwa usalama wako, usije ukabofya kitu ukaharibu. Nitakuja mwezi ujao niishughulikie printa.

Na kama mitihani inakuchosha, chumba kipo. Tumeshakipaka rangi.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti limepona, nadhani ni hasira iliyolitibu. Mpe pole mjukuu wangu na meno yake.

Ya wanaoanza, unasema. Na mimi ni nani? Nina miaka sitini na nane na ndiyo kwanza naanza. Wewe ulipoanza kutembea nilikushika mkono hapa sebuleni. Sikukusimamisha juu ya ngazi nikakwambia ndiyo bora.

Eti kwa usalama wangu. Baba yako alipofariki ulimpa mtu taipureta yangu kwa usalama wangu, ukasema ni nzito, itaniumiza mgongo. Kitanda changu ukakihamisha. Sasa umenifungia nje ya kompyuta yangu mwenyewe, ufunguo umeutia mfukoni, na chumba umeshakipaka rangi. Rangi gani? Hata hilo hukuniuliza.

Mitihani ya muhula huu mwalimu mkuu ameipeleka kwingine. Alikuja mwenyewe kuniambia, huku akiangalia viatu vyake. Nikishindwa na muhula ujao, basi.

Usije.

Mama yako


24 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana simu hupokei.

Neno la siri ni jina la mtaa nilikozaliwa, herufi ndogo zote. Ila tafadhali usibadilishe kitu. Naomba unijibu.

Mwanao


30 Juni

Mama,

Shikamoo. Mwezi mzima kimya. Ilibidi nimpigie fundi simu wako nijue kama u hai, naye ananiambia umefuta yote niliyokuwekea. Nilikaa siku mbili naitengeneza ile kompyuta, Mama. Na mimi nina hasira.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nitumie neno la siri jipya, nilitunze mahali salama.

Mwanao


4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima wa afya, na barua hii imechapwa, kama unavyoona.

Neno lako la siri lilifika nimeshamaliza kazi. Kumbe kung'oa mlango mzima hakuhitaji ufunguo.

Fundi simu aliniazima flashi zake, akanionyesha kwamba unaweza kuonja kabla ya kuweka. Unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, unaitazama Linux yenyewe, usipoipenda unaizima unachomoa, na hakuna kilichofutika. Hilo nalo hukuniambia. Ya kwanza ilifanya feni ya kompyuta ingurume chumba kizima. Ya pili ina sura nzuri, ila nilitafuta pa kuzimia mpaka chai ikapoa. Kwenye Mint menyu iko palepale mkono wangu unapokwenda. Nikachomeka printa, nikachapa ukurasa mmoja wa hesabu, ukatoka. Basi nikahamisha mafaili yangu pembeni, nikaiweka. Neno la siri nimelitunga mwenyewe. Fundi nilimwambia ageukie ukutani.

Jana mwalimu mkuu aliniletea mitihani ya muhula ujao, yote.

Jumamosi njoo, nitafurahi kukuona. Neno la siri sikutumii. Nimekuwekea nafasi ya mgeni, unaingia bila neno lolote. Utasoma habari zako, na ukitoka inafuta kila ulichogusa.

Mama yako