Udi Mweusi wa Bwana Kombo

Kwako Nyanya uliyetutangulia,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ni majigambo, si wanijua? Mjukuu wako aliyeikimbia shule kidato cha pili, leo Kibokoni nzima inanukia kazi ya mkono wake. Cheka, lakini ningoje nimalize.

Wakumbuka uani kwetu, wewe umeinamia shira ya sukari ya kupikia udi jikoni, mimi natwanga ubani na manemane, huku wanisimulia Bwana Kombo? Yule tajiri wa enzi za masultani, aliyemfukiza punda wake kila Ijumaa kwa udi mweusi mchungu, kisha akamtembeza mjini kamfunika mwavuli, yeye mwenyewe anaungua na jua. Wakimcheka, huwajibu, "Nyinyi mwanijua mimi, mwenzangu huyu hamjamjua." Nikikuuliza udi gani huo wa punda, wanijibu, "Twanga, wewe! Ulimi hautwangi."

Basi ulipofariki, Shangazi alikitaka chetezo chako cha kufukizia akakiweke pambo sebuleni kwake Kizingo. Eti mtoto wa kiume na udi wapi na wapi! Nikamwambia, "Niache nitengeneze udi wa kufukizia nguo za harusi ya Rukia. Ukiharibika, kichukue."

"Haya, fundi wa maneno," akasema. "Binti yangu asije akanuka moshi wa kuni."

Ukaharibika, Nyanya. Nilikuwa mlangoni nawaringia wenzangu kwamba shira mimi naijua hata nikiipa mgongo. Kurudi, sufuria nyeusi tii, na vile vipande vya udi ulivyoniachia vyote vimo ndani. Nikaibeba nikaimwage. Harufu ikanipanda puani: nzito, chungu, inang'ang'ania. Nikamkumbuka punda! Nikatia ubani, manemane na ambari, nikafunika, nikakaa kimya. Mimi, kimya!

Shangazi alipofunua kopo alikunja uso. "Lami ya Makupa hii?"

"Udi wa Bwana Kombo huo."

Akanitazama sana. Akatia makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akatandaza leso za Rukia juu ya kile kitenga chako cha fito. Moshi ulipopanda, alijifunika uso kwa leso moja, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka.

"Mama huyu!" akasema. "Kila akiunguza shira kwa kupiga domo, alisema ni udi wa Bwana Kombo."

Loo, Nyanya! Ndiyo maana katika hadithi zako punda yule alikuwa hatoki zizini mpaka sufuria ianze kufuka!

Rukia aliolewa ananukia wewe, na leso zake mpaka leo zafuliwa na harufu haitoki. Chetezo kiko kwangu. Shangazi ndiye aliyenirudishia mkononi. Ahsante kwa ubani, kwa chetezo, kwa domo ulilonirithisha. Ahsante zaidi kwa uongo ule. Wateja wakiniuliza udi gani huu, nawasimulia punda na mwavuli wake, na siongezi neno. Haya, kidogo naongeza.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mimi mjukuu wako, yule yule wa ulimi usiotwanga