Saa Tatu ya Baba

Baba yangu kipenzi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, maana Kiarabu chetu sisi watoto wako ndicho kilichotuponza. Nitakueleza vipi. Lakini kwanza nikupe khabari za dukani, kwa sababu nakujua, ungezitaka hizo mwanzo.

Nimeamua kununua bunduki ya shabaha. Mie Rahma, na umri wangu huu na miwani yangu. Kibali nimeshapata, nikaenda duka la silaha, na muuzaji akanitolea bunduki yenye darubini kubwa nyeusi, ndani inawaka taa nyekundu, inakuza mpaka unamuona nzi anavyojipangusa miguu. Akanambia hii ndiyo wanayoichukua wote. Nikamwambia asubiri. Nikafumba macho, nikaiweka begani, nikafumbua. Giza tupu, na shingo inahangaika kutafuta njia. Nikamrudishia. Alinitazama kama aliyeona kituko, masikini, hakujua nimelelewa na nani.

Unaikumbuka sebule yetu ya mtaa wa Qurum? Mama ana wageni wake chumba cha pili, na wewe umetandika mkeka, bunduki umeshaikagua mara tatu kuwa haina kitu, unatufundisha mie na Kaka Nasoro. Fumba, weka begani, fumbua. "Jicho likikuta njia wazi, hiyo yako. Likianza kuhangaika, mrudishie mwenyewe." Halafu ungeishika darubini karibu na sikio, uzungushe skrubu yake ya pembeni taratibu, tik, tik, tik, kumi kwenda, kumi kurudi. Mama akipita akisema, "Huyo anaongea na jini lake." Wewe hujali. "Nataka inayorudi," ukisema. "Ukiipeleka iende, ukiirejesha irudi pale pale. Isiyorudi sina haja nayo, hata iwe ya dhahabu." Na ya kukuza sana ulikuwa huitaki kabisa. Ulisema kwa jua la Maskati ukikuza sana unakuza joto tu, shabaha inacheza kama iko ndani ya maji.

Miezi minne ulimchagulia Kaka darubini ya bunduki ile, Baba. Miezi minne chakula kinapoa mezani na wewe uko na pete za kuishikia, unazikaza, unazilegeza, unazikaza tena. Ulipompa alikubusu kichwani. Nilikuwepo.

Na siku ya mashindano nilikuwepo pia. Yalikuwa mashindano madogo ya watu wanaojuana, ya kufurahishana baada ya Idi. Kaka alilala kwenye mkeka, wewe nyuma yake na ile darubini kubwa ya miguu mitatu, kwa sababu tundu la risasi ni dogo na mpigaji mwenyewe halioni kwa mbali. Kawaida ulikuwa unamwambia "kulia kidogo", "kushoto kidogo". Lakini siku ile uliwasikia jirani zetu uwanjani wanaitana kwa Kiarabu kwa saa, kama karatasi ile ya shabaha ni uso wa saa: saa tisa, saa mbili, saa sita. Ukapendezewa. Risasi ya kwanza ilipotua ukasema kwa madaha, "Nasoro, saa tatu."

Kaka akazungusha skrubu. Risasi ya pili. "Bado saa tatu." Akazungusha tena. "Nasoro, nimekwambia saa tatu, mbona unazidi?" Akazungusha tena, mpaka risasi ikatoka nje ya karatasi kabisa. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Ndipo Kaka alipoinuka, akasema mbele ya watu wote, "Baba, macho yako yameshakwisha, na darubini uliyonichagulia mbovu."

Ulifunga miguu mitatu ile mmoja mmoja, ukaenda kukaa ndani ya gari.

Wiki iliyofuata nilikupeleka kwa daktari wa macho, na mpaka leo naona haya kwamba niliona ndiyo busara. Daktari akasema ya karibu yamechoka kidogo, ya mbali mazima. Ulitoka pale umenyooka kama bwana harusi. Garini ukanambia, "Daktari anasema naona. Mwambie kaka yako."

Sikumwambia, Baba. Niliogopa kufukua ugomvi. Mlikuwa mnakula pamoja Ijumaa, mnaulizana hali, na nikajidanganya kuwa yameshapita. Lakini hukukanyaga tena uwanjani, na Kaka hakuigusa tena bunduki, na bunduki haikutajwa mpaka unakufa. Siku ya mazishi nilimuona anakuwekea sawa sanda, na mie ujumbe wako bado nnao mdomoni.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Kaka alinipigia simu kutoka kwake Bustan. Anauza bunduki yako na darubini yake, kashaongea na mnunuzi, kibali kiko jina lake na hana kazi nayo. Moyo ulinipasuka. Kumwambia asiuze sikuweza, kwani nna haki gani. Nikamwambia nataka kununua yangu, anisindikize uwanjani nijaribu moja ya kule kule, na kwa kuwa mnunuzi atakuwa upande ule, basi aje nayo na ile yako. Nilikuwa nanunua muda tu.

Tulifika asubuhi. Kuna dada mmoja wa Kenya anafanya kazi pale, jina lake Mercy, ndiye anayetoa vizibo vya masikio na kuhakikisha kila mtu kafuata taratibu. Kwa kuwa anasema Kiswahili nikamuomba anitazamie kwenye darubini kubwa, maana Kaka alisimama pembeni na mikono kifuani kama mgeni. Nikapiga ya kwanza.

"Madam, hiyo imeenda saa tatu," Mercy akasema.

Saa tatu, nikajua nimepiga kulia, nikazungusha skrubu ya kuleta risasi kushoto. Nikapiga.

"Bado saa tatu. Na ni kama imezidi."

Nikazungusha tena kushoto. Nikapiga.

"Sasa madam, mimi nakuambia saa tatu na wewe unazidi kuenda huko huko."

Nikasikia Kaka nyuma yangu anavuta pumzi. Akaja mpaka karibu, uso umemwiva, akasema polepole, "Mercy, hebu nioneshe saa tatu kwa kidole."

Mercy akanyoosha kidole kushoto. Alidhani anataniwa. "Si angalia saa ya ukuta. Saa hizi ni saa ngapi?"

Tukageuka sote wawili. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Baba. Na mshale mdogo umelala kwenye tisa, kushoto, pale pale ulipolala kila saa tatu ya asubuhi tangu tuzaliwe. Nyumbani ukisema chai saa tatu, tunakuja mshale ukiwa hapo. Uwanjani ukasema saa tatu, sisi tukasikia thalatha, tatu ya Kiarabu, mshale kwenye tatu, tukakimbilia kulia. Wewe ulikuwa unatazama saa, sisi tulikuwa tunasikia nambari.

Kaka alikaa chini kwenye mchanga. Akasema, "Nimemvunjia mzee wangu heshima bure." Akalia, Baba, yule mwanao asiyelia, na Mercy akatuletea maji bila kuuliza.

Nikaona hapa nikinyamaza tena, Mungu hatanisamehe. Nikamwambia khabari ya daktari, ya macho mazima, ya mimi kunyamaza miaka yote. Nikangoja anigombeze. Akasema, "Basi niambie sasa, kama alivyokwambia."

Nikamwambia, "Kaka, Baba anasema anaona."

Alijifuta uso na ncha ya massar yake, kile kilemba chake, akaenda kufungua sanduku la bunduki yako. Skrubu ilikuwa bado pale alipoiacha siku ile. Akanambia alizungusha tik kumi na nane, alikuwa hajazisahau hata usiku mmoja. Akazirudisha moja moja, kumi na nane, tukizihesabu sote kwa sauti, Mercy naye. Halafu sita nyengine upande ule uliokuwa ukiutaka wewe. Akalala kwenye mkeka, akapiga risasi tano. Mercy alitazama kwenye darubini muda mrefu mpaka nikamuuliza, haya, saa ngapi.

"Hii haina saa," akasema. "Zote ziko katikati."

Imerudi, Baba. Miaka yote ile ndani ya sanduku, na vumbi la mji huu, na bado imerudi pale pale, kama ulivyotaka.

Mnunuzi alikuja akaondoka na pole zetu. Nami sikununua ile ya taa nyekundu. Kaka anakuja Jumamosi kunichagulia, kashanambia nikae tayari kufumba macho, na kwamba pete atazikaza mwenyewe kwa sababu mie nna haraka. Mama anasema jini lako limehamia kwa Nasoro. Mwezi ujao tunaingia mashindano yale yale, na tumeshakubaliana kuitana kwa saa zetu za nyumbani. Wenye kucheka wacheke.

Lala salama, mzee wangu. Jana nilikwenda na Kaka kaburini. Aliinama, akakwambia mwenyewe, lakini najua alisema chini chini na wewe hupendi watu wanaong'ong'ona, kwa hiyo naandika hapa upate kuisoma vizuri: macho yako yalikuwa mazima. Ni sisi ndio hatukuiangalia saa.

Mwanao aliyechelewa kufikisha salamu,
Rahma