Kwaya Yangu, Korari Yako

Mpendwa wifi Konsolata,

Leo nimecheka kanisani peke yangu, halafu nikalia. Nitakueleza sababu, ila kwanza nianze na kosa langu.

Kaka yako aliponioa kutoka Ngara akanileta Niboye, nchini kwenu, mwaka 1991, wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kuimba. Mimi, Mnyarwanda niliyezaliwa Tanzania, nilijua kwaya tu. Kila Jumamosi nilipaza sauti njiani, "Wifi, tunachelewa kwaya!" Ukanivuta kanga: "Acha hiyo kwaya. Hapa iko korari. Unasikia?"

Nilidhani ni maringo ya Kifaransa. Siku uliponikanya mbele ya waimbaji wote, nikakujibu: "Ni korali au korari? Jifunze kwanza kulitamka!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ulifunga kitabu cha nyimbo, ukasema tu, "Sawa, wifi." Mawifi hutaniana, lakini ule haukuwa utani. Sikurudi tena kuimba.

Miezi michache baadaye, kwenye njia ya Kabuga, askari alisimamisha basi akauliza nguo nyeupe nilizowashonea waimbaji wa Kabuga ni za nani. "Za kwaya," nikasema.

"Kwaya? Wewe ulikulia wapi?"

Siku zile za vita aliyetoka nje alionekana adui. Nilikalishwa juani mpaka jioni, nikiulizwa nani kanituma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa unanificha. Nyumba yako ilikuwa nyuma ya yangu, wifi, na bado niliona aibu kubisha hodi. Nikasema nitakwenda Jumapili. Zikapita Jumapili nyingi, ikaja Aprili ya mwaka huu wa 1994, mauaji yakaanza, wakakuua.

Juzi padre aliniambia neno kwaya lililetwa na Waingereza, korali na Wabelgiji, na yote mawili yanatokana na neno moja la kale la Wagiriki, la watu waliocheza na kuimba pamoja. Ndugu wa tumbo moja, waliolelewa nyumba mbili. Na sisi tuligombana kwa hilo.

Leo nimekwenda kanisani Remera. Limejaa wakimbizi waliorudi baada ya vita kutoka Uganda na Tanzania. Nikauliza korali inafanya mazoezi lini. Binti mmoja akacheka kwa upole: "Mama, siku hizi tunasema kwaya."

"Hapa iko korari," nikamwambia. Kwa ile r yako.

Nisamehe, wifi. Pumzika.

Wifi yako, niliyeimba pembeni yako