Bathdei ya Funda Moja

Makindu

Kwako mama, Mwaitu mpendwa,

Salamu zangu zivuke mchanga wa mito yote mpaka hapo Kyuso. Goti linaendeleaje? Na mbuzi, kwa ukame huu bado wanasimama wenyewe? Mimi ni mzima, tumbo limetangulia mbele kama kawaida yake. Mpwa wangu Katunge akusomee polepole, wala asiruke mahali ninapoaibika.

Uliniuliza kwa simu kama ni kweli nafundisha watoto wa chekechea Kihispania. Mtandao ukakata, nikashukuru. Ni kweli, Mwaitu. Kihispania changu nilikiokota jikoni, kwa ile hoteli ya pwani, lakini shule hii ilitaka kitu ambacho jirani hana, na mimi nilitaka kazi. Watoto hawajui kwamba sijui.

Nikaona bathdei itawafundisha upesi. Anayetimiza miaka anavaa taji la katoni, wenzake wanamuuliza, "¿Cuántos años?" yaani ana miaka mingapi, naye anajibu kwa vidole na kwa mdomo. Halafu tunaimba wimbo nilioutunga kwa sauti ya kwaya. Tukifika "agua, agua", anamwagiwa maji, vile hufanywa bathdei yoyote. Hapo ndipo nilikosea. Watoto walianza kubeba maji ya nyumbani, na kiangazi hiki maji ni ya kuletwa na punda. Wazazi wakaja juu: "Mwalimu, tunalipia lugha ama matope?" Mwalimu mkuu naye akaniambia, "Tone moja likimwagika tena, hilo somo limekwisha."

Kesho yake ikawa zamu ya Mwende, aliyewangojea wenzake wote. Alisimama na taji lake, amefumba macho. Nikamwambia leo tutaimba tu. Hakulia. Alizidi kufumba macho.

Mara susu wake, yaani nyanya yake, akatokea na mtungi mgongoni, maji aliyoyachimba mwenyewe kwenye mchanga wa mto. "Hiyo bathdei siijui," akasema, "lakini mtoto amesema anahitaji maji."

Nikamtazama, nikatazama mlango wa ofisi. "Susu, tafadhali, yasimwagike."

"Nani huku anamwaga maji?" akaniuliza kama ananihurumia. Akachota kikombe, akapiga funda moja, akampulizia Mwende kifuani, fuu, vile wazee walikuwa wakibariki. "Kua. Zaa. Zeeka."

Mwende akacheka mpaka taji likaanguka. Darasa lote likapanga foleni, na mtungi hata haukupungua.

Kugeuka, mwalimu mkuu yuko mlangoni. Nikajua kazi imekwisha, nakuja huko kuchunga mbuzi wako. Lakini akavua kofia. "Mimi siku yangu ya kuzaliwa siijui," akasema. "Mama alisema tu kulikuwa na njaa."

"Basi leo itatosha," susu akamjibu.

Akainama, mzee wa kanisa mzima, akapuliziwa funda lake. Watoto wakampigia kelele, "¿Cuántos años?" Akanitazama nimsaidie. Mwaitu, mimi sijawahi kufika hamsini kwa Kihispania. Watoto wakaimba tu. Somo halikufungwa, na maji yaliyobaki yakapika uji.

Nisalimie dada yangu Mwikali, na mchungaji anayeliombea goti lako, ila hii habari ya funda usimwambie haraka. Katunge naye asome kwa bidii, asije akaishia kuwa mwalimu kama mimi.

Umeuliza moyoni kama na mimi nilipanga foleni. Nilipanga. Nilikuwa mwisho kabisa, zamu ikafika, nikakumbuka wa kunipulizia mimi yuko Kyuso, nikatoka. Shule zikifungwa nitakuja. Niwekee kikombe.

Ni mimi mwanao,
Mutinda